Kufua kwa mashine Mbeya na Iringa: maji, umeme na hela vinapopotelea

Leo naomba tuongelee kitu ambacho tumekizoea mpaka hatukiulizi: kufua. Sisemi kufua kwa beseni nyumbani, naongelea ufuaji wa biashara, ule wa mahoteli, magesti, hospitali, shule za bweni na madobi wetu walioachana na ndoo wakanunua mashine kubwa za kilo 15, 20 au 30.

Mimi ni fundi wa mashine hizi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Swali ninaloulizwa kuliko yote, Mbeya na Iringa, ni hili: "Fundi, mbona kazi ipo lakini hela siioni?" Jibu langu halibadiliki. Hela yako imepita sehemu mbili, kwenye Luku na kwenye bomba la majitaka. Na kibaya zaidi, haikuondoka peke yake. Imeondoka na maji ambayo kuna mtu mwingine huko chini anayasubiri.

Tuanze na msingi. Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani aitwaye Herbert Sinner, wa kampuni ya Henkel inayotengeneza sabuni, aliliweka kwenye mchoro jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa mikono. Nguo kutakata kunategemea vitu vinne: sabuni, joto, nguvu ya kusugua na muda. Maji ndiyo yanayoviunganisha vyote. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mama anayefulia mtoni hana maji ya moto, kwa hiyo anaongeza nguvu, anapiga nguo kwenye jiwe. Anayeloweka usiku kucha ameongeza muda. Dobi mwenye haraka ya kukabidhi mashuka saa sita mchana anaongeza sabuni na joto, halafu mwisho wa mwezi anashangaa.

Sasa kati ya hivyo vinne, kipi cha bei chee? Ni muda. Kipi cha bei mbaya? Ni joto, hasa kwetu sisi. Maji ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai kila aliyewahi kuoga alfajiri anayajua. Ebu tupige hesabu. Chukua mashine ya kilo 20 inayojaza lita 100 kwa mkupuo wa kufua. Maji yameingia yakiwa nyuzi 15, wewe unataka 60. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunakula kilojuli 4.2 hivi. Piga mara lita 100, piga mara nyuzi 45, unapata kama uniti 5.2 za umeme, na hapo sijahesabu joto linalopotelea kwenye bati la mashine. Tuseme uniti moja, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 356. Hiyo ni kama shilingi 1,860 kwa mzigo mmoja, kwa kuchemsha tu.

Ukishusha mpaka nyuzi 40, unatumia uniti 2.9, kama shilingi 1,035. Mizigo minane kwa siku, siku 26 za kazi, tofauti yake inafika kama shilingi 172,000 kwa mwezi. Huo ni mshahara wa mtu, unapanda hewani kama mvuke.

Najua kuna atakayesema, "Fundi, nyuzi 40 hazitakatishi." Zinatakatisha, kwa mashuka ya gesti na nguo za kawaida, kama sabuni yako ina vimeng'enya. Hivi ni viini vinavyokatakata uchafu wa asili ya protini, wanga na mafuta, yaani jasho, damu, uji, mchuzi. Vingi vinafanya kazi vizuri kwenye joto la wastani, na ukivuka nyuzi 60 vingi vinaharibika. Kwa hiyo anayenunua sabuni ya gharama halafu akaimwagia maji yanayotokota amelipa mara mbili ili apate nusu. Ongeza dakika kumi za kuzungusha badala ya kuongeza nyuzi 20. Injini ya kuzungusha pipa inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na hita.

Hospitali ni habari nyingine, na hapa naomba tusitanie. Shuka la wodi ya wazazi au la upasuaji halifuliwi kama shuka la gesti. Kiwango kilichotumika miaka mingi Uingereza ni nyuzi 65 kwa dakika zisizopungua 10, au nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3, pamoja na dakika za ziada za kuacha joto lipenye nguo zote. Marekani wao wanapendekeza nyuzi 71 kwa dakika 25. Hesabu ya dakika inaanza pale joto linapofika huko ndani, sio pale ulipobonyeza kitufe.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa milimani. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha maji kuchemka kinashuka kama nyuzi moja. Kwa hiyo maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hata uyawekee kuni za msitu mzima hayafiki 100. Nimeona sehemu wanachochea pipa la mashuka mpaka litokote saa nzima "ili wadudu wafe". Jamani, kazi inayotakiwa inaisha kwenye 71. Kuanzia hapo mpaka 94 unachoma kuni bure. Nunua kipimajoto, hakigharimu hata robo ya mzigo wa kuni.

Kosa lingine la hospitali ni kuanza na maji ya moto kwenye damu. Damu ni protini, na protini ikipata moto inaganda kama yai. Doa likigandia kwenye uzi ndio basi tena, utamwaga Jik mpaka shuka litoboke. Mkupuo wa kwanza uwe maji ya baridi, halafu ndio upandishe joto. Na Jik yenyewe inatafuna pamba, hasa ikikutana na maji ya moto. Weka kwa kipimo, kwenye maji yaliyopoa, na usiichanganye kabisa na dawa ya chooni yenye asidi, hapo unatengeneza hewa ya sumu ndani ya chumba cha kufulia.

Tuje kwenye kusuuza, sehemu ambayo wengi wanamwaga maji kama vile mvua ya Tukuyu haina mwisho. Desturi ni hii: nguo zikishafuliwa, maji yanatolewa, yanajazwa mengine, yanatolewa tena, mara tatu, nne, tano. Swali ni je, pipa linapomwaga maji, nguo zinabaki na maji kiasi gani? Kilo moja ya pamba isiyokamuliwa inabaki imekumbatia kama lita 2.5 za maji yaleyale ya sabuni. Ukijaza tena mpaka lita 5 kwa kilo, umepunguza sabuni nusu tu. Suuza ya pili, robo. Suuza ya tatu, bado sehemu moja kati ya nane ipo. Kwenye mashine ya kilo 20 umeshamwaga lita 150 na mashuka bado yanateleza.

Sasa weka mkamuo mfupi wa dakika moja au mbili kila baada ya kumwaga. Nguo zinabaki na kama lita 1 kwa kilo. Ukijaza mpaka 5, sabuni inabaki sehemu moja kati ya tano, na suuza ya pili inaacha moja kati ya ishirini na tano. Umetumia lita 160 kwa suuza mbili. Bila mkamuo, kufikia usafi wa namna hiyo ungehitaji suuza karibu tano, yaani lita 250. Umeokoa lita 90 kwa mzigo. Kwa mizigo minane kwa siku na siku 26, hayo ni mapipa zaidi ya 90 ya lita 200 kila mwezi. Halafu mteja hakuletei tena malalamiko kwamba shuka linawasha ngozi.

Mkamuo wenyewe nao una siri yake. Watu wanauliza mashine ina "spidi" ngapi, lakini kinachokamua ni nguvu inayozaliwa na spidi pamoja na upana wa pipa. Ukiongeza spidi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Pipa lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 500 kwa dakika linakandamiza nguo kwa nguvu kama mara 84 ya uzito wake. Likizunguka mara 1,000, ni kama mara 335. Mashine ya mkamuo hafifu inaweza kuacha kilo 20 za pamba na lita 18 za maji, ya mkamuo mkali ikaacha kama lita 10. Hizo lita 8 za tofauti, ukizipeleka kwenye mashine ya kukaushia, kila lita itakula umeme kati ya uniti 0.6 na 1 au zaidi, kutegemea na ubovu wa mashine. Dakika chache za mkamuo hazifiki hata nusu uniti. Kwa lugha rahisi, maji ya kuyatoa kwa kuzungusha ni nafuu mara nyingi kuliko ya kuyatoa kwa moto.

Wanaoagiza mashine za mtumba wawe macho hapa. Umeme wetu ni wa herzi 50. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa herzi 60 na volti tofauti. Kama ni ya zamani, isiyo na kifaa cha kurekebisha mzunguko wa injini, ikifika kwetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Unaweza kuona ni kidogo, lakini nguvu ya kukamua inashuka mpaka kama asilimia 69 ya ile ya awali. Muuzaji hakwambii hilo. Kuna mteja wangu mmoja alinunua ya namna hiyo kwa bei ya kutupa, akaja kulipa ile bei tena na tena kwenye kukausha.

Kukausha kwenyewe Mungu ametupendelea. Kuanzia Juni mpaka Oktoba huku ni baridi kweli, lakini anga ni jeupe, hewa kavu, na upepo wa Iringa hauna haja ya maelezo. Kamba na paa la bati angavu vinatosha. Shida ni masika yetu marefu, Novemba mpaka Aprili, na Mbeya mara nyingine mpaka Mei. Hapo ndipo mashine ya kukaushia inakuwa ya lazima, na ndipo mkamuo mzuri unapokuokoa.

Kuhusu kupasha maji, anga hilohilo jeupe ni mtaji. Hita ya sola ya mirija haihitaji hewa ya joto, inahitaji jua. Tuseme imekufikisha nyuzi 45 kabla maji hayajaingia kwenye mashine. Kufika 60 unabakiza nyuzi 15 tu, uniti 1.7 badala ya 5.2. Angalizo kwa wenzetu wa Mafinga, Makete na Njombe kwenye sakitu: hita ya sahani bapa inaweza kupasuka maji yakiganda ndani usiku, chagua yenye kinga ya barafu. Na kwa wenye kazi kubwa, kama hospitali au chuo, wilaya ya Mufindi ina msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao vinavyozalisha mabaki ya kila namna. Boila ya mabaki ya mbao makavu, yenye chumba kizuri cha moto, ina akili kuliko kukata mti mbichi. Sisitiza neno makavu, kwa sababu ukichoma mbao mbichi sehemu ya moto inaishia kukausha kuni zenyewe.

Njia nyingine ambayo haihitaji mtaji mkubwa ni kutumia maji mara mbili. Maji ya suuza ya mwisho ni karibu safi. Weka simtanki moja, elekeza bomba la suuza ya mwisho humo, yapitishe kwenye kichujio cha nyuzi, halafu uyatumie kwa mkupuo wa kwanza wa mzigo unaofuata. Viwanda vikubwa vya kufulia Ulaya vinatumia mashine ndefu kama handaki ambamo nguo zinaenda mbele na maji yanarudi nyuma, kwa wazo hilihili. Sisi simtanki na pampu ndogo vinatosha. Masharti mawili: maji hayo yasilale, yatumike siku hiyohiyo, na yasitoke kwenye nguo za wodi za magonjwa ya kuambukiza.

Halafu pima mzigo. Mizani ya kupimia viazi inatosha kabisa. Mashine nyingi za zamani hazijui umeweka kilo ngapi, zinajaza maji yaleyale kwa kilo 10 na kwa kilo 20. Ukifua nusu mzigo umelipa mara mbili. Ukishindilia kupita kiasi nako, nguo hazidondoki ndani ya pipa, na ile nguvu ya kusugua ya bwana Sinner imekufa, utafua upya.

Sasa kwa nini haya yawe habari ya kila mtu na sio ya dobi peke yake? Fuata maji. Majitaka ya Iringa yanayoponyoka yanateremka kwenye Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unaingia bwawa la Mtera, kutoka hapo Kidatu, halafu Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Wakubwa mnakumbuka mgawo wa umeme wa 2006, Mtera ilipokauka mpaka nchi nzima ikawasha vibatari. Na Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Ruaha umekuwa ukikatika kiangazi tangu 1993. Wengi tunawanyooshea kidole wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, na kweli mchango wao ni mkubwa mno kuliko wetu wenye mashine. Lakini mto uliopungua hauna nguvu ya kuyeyusha uchafu. Ndoo ya povu ambayo masika haionekani, mwezi wa Oktoba inaua samaki. Sabuni inaharibu mashavu yao, na fosfeti iliyomo inakuza magugu yanayonyonya hewa ya majini.

Upande wa Mbeya kuna Bonde la Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea baharini. Kinachoingia Rukwa kinabaki Rukwa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kabla ya kutiririsha majitaka mtoni, na bodi za mabonde ziko hapahapa, ya Rufiji Iringa na ya Ziwa Rukwa Mbeya. Wenye bomba la majitaka la mamlaka ya maji mjiunge nalo. Wasio nalo, shimo la kwanza la kunasa nyuzi na mchanga, la pili la kutuliza, halafu ndio shimo la kunyonya, mbali na kisima cha jirani. Kumwagilia bustani kwa maji ya suuza sio mbaya, lakini maji mazito ya sabuni yana chumvi inayofanya udongo ukakamae, usiyamwage kwenye mboga.

La mwisho, na hili ndilo linalonikera. Zabuni nyingi za kufua mashuka ya taasisi zinatolewa kwa anayetaja bei ndogo kwa shuka. Hakuna anayeuliza mashine yake inafika nyuzi ngapi, inatumia lita ngapi kwa kilo, wala majitaka yanaenda wapi. Matokeo yake anayeshinda ni yule anayefua kwa maji ya baridi, Jik nyingi na bomba linaloelekea korongoni. Mgonjwa analalia shuka ambalo limekuwa jeupe bila kuwa salama, na ndugu zake wanaona bora waje na kanga zao kutoka nyumbani, wazifue nje ya wodi na kuzianika kwenye majani. Dobi mwaminifu aliyewekeza kwenye hita, kipimajoto na mashimo anafunga duka.

Pendekezo langu ni dogo. Kila zabuni ya kufua iwe na mistari mitatu: joto na dakika, lita kwa kilo, na kibali cha majitaka. Na kila dobi awe na daftari: asubuhi andika mita ya maji na Luku, jioni andika tena, gawanya kwa kilo ulizofua. Wiki mbili tu utajua hela yako inapopotelea, bila hata kuniita mimi.

Naomba kutoa hoja.